Mackinnon Road na Ndege ya Wanafunzi 81

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Nairobi kwa gari, akishaiacha Mariakani na kuvuka Samburu na Taru, hufika Mackinnon Road, mji mdogo wa kaunti ya Kwale kwenye nyika kavu ambako Waduruma huchunga ng'ombe na mbuzi wao. Wengi hupunguza mwendo hapo kwa ajili ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ulio kando kabisa ya reli; husimama wakaomba dua ya safari, kisha wakaendelea. Wanaosimulia habari zake husema alikuwa miongoni mwa watu walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli, na kwamba karai la udongo alilojitwika lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Hicho ndicho kisa cha kuruka hewani kinachojulikana zaidi mjini hapo. Kisa cha pili hakina kaburi wala wageni wa kuzuru. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na kiwanja cha ndege za kijeshi Mackinnon Road, na vita vilipokwisha wakaanza kujenga hapo bohari kubwa la silaha na zana za jeshi. Kiwanja hicho kinanisaidia kueleza jambo ambalo kwa kawaida husimuliwa nusu. Septemba 1959 ndege moja ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda kusoma vyuo vya Marekani. Tumezoea kuihesabu safari hiyo katika historia ya elimu na ya siasa, na ni haki yake. Lakini mimi naona mahali pake pa kwanza ni katika historia ya usafiri wa anga. Ndege zilikuwa zimeruka juu ya nchi hizi kwa miaka 45, na karibu muda huo wote Mwafrika alikuwa mfyekaji wa kiwanja, mbebaji wa mizigo au mtazamaji. Mwaka 1959 ndege ilikodiwa kwa shughuli iliyobuniwa na Waafrika wenyewe.

Tuanze na mwanzo wa chombo chenyewe, kwa sababu hata Marekani chuo kikuu na ndege havikuzaliwa pamoja. Orville na Wilbur Wright, walioruka Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli ambao hawakusoma chuo chochote. Msomi mashuhuri wa wakati huo, Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian, alipewa na serikali dola 50,000 atengeneze ndege, na siku tisa tu kabla ya ndugu hao kufaulu, ya kwake ikatumbukia mto Potomac. Wasomi wakaambulia patupu, mafundi wa baiskeli wakaondoka na sifa. Vyuo vilikuja baadaye kuuliza kwa nini ndege inaruka na kwa nini inaanguka: kufikia mwaka 1914 masomo ya uhandisi wa ndege yalikuwa yameanza MIT na Chuo Kikuu cha Michigan, na katika miaka ya 1920 fedha za tajiri Guggenheim zikajenga idara za namna hiyo katika vyuo kadhaa. Bila maabara hizo, ambamo mabawa yalipimwa kwa upepo wa mashine, ndege ingebaki mchezo wa maonyesho. Ndege ya kuvuka bahari na abiria wengi bila kuwatia hofu ni mtoto wa karakana na wa chuo kwa pamoja.

Afrika Mashariki iliiona eropleni mapema kuliko wengi wanavyodhani, na iliiona vitani. Mwishoni mwa 1914 Waingereza walileta kutoka Durban ndege ya kutua majini, iliyoundwa na kampuni ya Mmarekani Curtiss, iitafute manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika matawi ya mto Rufiji. Julai 1915 manowari hiyo iliangamizwa kwa mizinga ya meli huku ndege kutoka kisiwa cha Mafia zikiwaelekeza wapigaji mahali makombora yanapoangukia. Mwaka huohuo ndege nyingine zilikuwa Maktau, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta, zikiwachunguza Wajerumani waliokaa mpakani. Vita vilipokwisha ikaja zamu ya matajiri na barua. Florence Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929. Shirika la Imperial Airways likafungua njia ya kutoka Uingereza, na kufikia 1937 ndege zake kubwa za kutua majini zilikuwa zikishuka Kisumu, kisha Mombasa, kisha Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Ndege zilikuwepo, viwanja vilikuwepo, ratiba zilikuwepo. Kilichokosekana ni tiketi ambayo mtoto wa mkulima angeweza kuikaribia.

Kuna tukio moja la miaka hiyo linaloonyesha hali ilivyokuwa kuliko takwimu yoyote. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyekuwa akitafuta makundi ya ndovu kutoka angani, aliruka kutoka Voi kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth, ikaanguka na kuwaka moto. Vitabu vimeandikwa juu yake, filamu imetengenezwa, na kaburi lake katika vilima vya Ngong limekuwa kivutio. Hakuwa peke yake ndani ya ndege. Mtumishi wake aliteketea pamoja naye, naye katika simulizi nyingi hutajwa kwa neno moja tu, Kamau, kisha sentensi inayofuata humrudia Finch Hatton. Huyo ni Mwafrika aliyepanda ndege mapema kabisa, akafa ndani yake, na hata jina la babake halikuandikwa. Ninaposema kwamba anga ilikuwa imefunguliwa bila sisi kuwa na sehemu ndani yake, sisemi kwa hasira ya leo. Ndivyo kumbukumbu zenyewe zilivyoandikwa.

Turudi Mackinnon Road. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Uingereza ilikuwa inaondoka India na Palestina, na nafasi yake Misri ilikuwa inatikisika, kwa hiyo ikahitaji mahali pengine pa kuweka zana za jeshi lake. Nyika ya Taru ikachaguliwa: iko karibu na bandari ya Kilindini, reli inapita, na kiwanja cha ndege kipo. Maelfu ya vibarua wakaletwa, mabohari na barabara zikajengwa. Baada ya miaka michache London ikabadili nia na mradi ukaachwa. Majengo yaliyobaki yalipata kazi nyingine mwaka 1954. Baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili mwaka huo, waliotuhumiwa kuwa Mau Mau walisombwa kwa treni hadi kambi za Manyani na Mackinnon Road. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Serikali iliyosema haina uwezo wa kuwapatia Waafrika elimu ya juu ndiyo hiyohiyo iliyokuwa na uwezo wa kujenga mji wa kijeshi nyikani, kuuacha, kisha kuujaza mahabusu. Uwezo ulikuwepo, ila uliamuliwa utumike wapi.

Kwa kijana wa Kenya wa miaka ya 1950 mlango wa elimu ya juu ulikuwa mwembamba sana. Chuo kilichotoa shahada katika Afrika Mashariki kilikuwa Makerere, Uganda, kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Ufundi cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956 tu. Vijana waliofaulu mtihani wa Cambridge walikuwa wengi kuliko viti. Hapa msomaji makini atanipinga: mbona Wakenya walikwenda Marekani kabla ya ndege hiyo? Peter Mbiyu Koinange alifika Chuo cha Hampton mwaka 1927, akaendelea Ohio Wesleyan na Columbia. Julius Gikonyo Kiano aliondoka mwaka 1948, akapita vyuo vya Antioch na Stanford, akarudi na shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ya mwaka 1956. Pingamizi hilo ni la kweli, nalo linanisaidia badala ya kunidhuru. Watu hao ni wa kuhesabika kwa vidole, na kila mmoja ni kisa cha pekee cha mzazi mwenye uwezo, mmishonari aliyemwonea imani au bahati. Njia ilikuwa meli kutoka Kilindini kupitia Suez hadi Ulaya, kisha meli nyingine hadi New York, na wiki nyingi zikipotea baharini. Chuo cha Marekani kingeweza kumwahidi kijana karo na malazi, hakikumpelekea nauli. Barua ya ufadhili bila nauli ilikuwa karatasi ya kuonyesha jirani.

Tom Mboya alilifahamu hilo vizuri. Alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, hakuwa na shahada, na alikuwa bado hajatimiza miaka 30. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubu vyuoni, na aliporudi alikuwa na ahadi nyingi za nafasi na ufadhili. Rafiki yake mkubwa katika jambo hilo alikuwa William Scheinman, mfanyabiashara ambaye kampuni yake ilitengeneza vipuri vya ndege, na ambaye tangu walipofahamiana mwaka 1956 alikuwa akiwasaidia wanafunzi wachache kwa fedha zake mwenyewe. Wakaunda wakfu wa kuchangisha nauli. Mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia saini barua ya kuomba michango kwa umma wa Marekani. Huku nyumbani Kiano na Kariuki Njiiri, naye aliyesoma Marekani, walisaidia kupokea maombi na kuchuja majina, na familia zikafanya harambee, zikauza mifugo. Mboya na Scheinman waliona jambo ambalo mtu mwenye gari au baiskeli tu asingeliona haraka: ukikodi ndege nzima na kuijaza, gharama ya kiti kimoja hushuka. Wakakodi ndege aina ya Britannia, ya injini nne za mapanga, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutumika katika safari ndefu. Iliondoka Nairobi tarehe 7 Septemba 1959 na kufika New York tarehe 9. Miongoni mwa abiria alikuwemo Pamela Odede, aliyekuwa akienda chuo cha wanawake cha Western, Ohio, na ambaye baadaye aliolewa na Mboya mwenyewe.

Nikatize kidogo kwa masahihisho mawili, maana hadithi hii imepambwa kupita kiasi. Barack Obama mkubwa, babake rais, hakuwa ndani ya ndege hiyo. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa msaada mwingine. Na fedha za ukoo wa Kennedy hazikulipia safari ya 1959. Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy Julai 1960, wakati wa kampeni ya urais, na wakfu wa familia hiyo ukatoa dola 100,000 kwa safari za mwaka ule wa pili. Wakfu huo ulikuwa na jina la kaka mkubwa, Joseph, rubani wa jeshi la wanamaji aliyekufa Agosti 1944 ndege yake iliyosheheni mabomu ilipolipuka angani Uingereza. Upande wa mpinzani wake, Makamu wa Rais Nixon, ulipopata habari, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, iliyokuwa imekataa kusaidia, ikakumbuka ghafla kwamba nayo ina dola 100,000. Kufikia 1963 jumla ya vijana waliovuka kwa mpango huo ilikuwa karibu 800, na hawakutoka Kenya pekee. Wengine walitoka Uganda, Tanganyika na nchi za kusini zaidi.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa wakoloni wenyewe. Walisema vyuo hivyo ni duni, kwamba vijana wanapelekwa shule zisizojulikana badala ya Oxford, na kwamba watakwama huko bila fedha. Kuna ukweli ndani yake: baadhi vilikuwa vyuo vidogo vya makanisa, na baadhi vilikuwa vyuo vya Wamarekani weusi vya majimbo ya kusini, vyenye maktaba ndogo na wafadhili wachache. Lakini hoja hiyo ilipima Marekani kwa kipimo cha Uingereza. Katika mfumo wa Kiingereza kijana alitakiwa kumaliza kidato cha sita, achague somo moja au mawili, kisha asome miaka mitatu. Marekani shahada ilikuwa ya miaka minne, miwili ya mwanzo ikiwa ya masomo mchanganyiko, mwanafunzi akikusanya alama za kozi moja baada ya nyingine mpaka hesabu itimie. Anayetaka biolojia husoma pia historia, fasihi na lugha ya kigeni. Kijana wa kidato cha nne, ambaye Makerere haikuwa na kiti chake, angeweza kuingia hapo na kupandishwa taratibu. Tena kazi ya mikono haikuwa aibu chuoni: mwanafunzi aliosha vyombo kantini, alipanga vitabu maktaba, na likizo ya kiangazi alitafuta kibarua kiwandani au shambani ili apate karo ya muhula unaofuata. Kwa kijana aliyelelewa katika fikra kwamba aliyesoma hashiki jembe, hilo pekee lilikuwa somo.

Mfano wa Wangari Maathai unatosha, kwa kuwa ndio ulioandikwa vizuri zaidi. Aliondoka Septemba 1960, ndege ikishuka Benghazi, Luxembourg, Iceland na Newfoundland kabla ya New York, ikijazwa mafuta kila kituo. Kutoka hapo alipanda basi pamoja na mwenzake hadi Kansas, na njiani, jimbo la Indiana, mkahawa mmoja uliwakatalia kukaa ndani kwa sababu ya rangi yao. Alifika chuo cha Mount St. Scholastica, cha masista Wabenediktini, katika mji wa Atchison. Mji huohuo ndiko alikozaliwa Amelia Earhart mwaka 1897, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake na ambaye Chuo Kikuu cha Purdue kilimwajiri kuwashauri wanafunzi wa kike, kisha kikachangisha fedha za ndege aliyopotea nayo mwaka 1937. Chuo cha Maathai hakikuwa na jina kubwa. Alihitimu hapo mwaka 1964 kwa biolojia, akiongeza kemia na Kijerumani, akapata shahada ya uzamili Pittsburgh, akarudi Nairobi na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Anayekiita chuo chake duni na aeleze ni chuo kipi bora kilichokuwa kimemwandalia nafasi.

Wako wanaosema Wamarekani walikuwa na lao jambo. Bila shaka. Vita baridi vilikuwa vimepamba moto, Kennedy alizitaka kura za Wamarekani weusi, na Washington ilitaka viongozi wa kesho wa Afrika wawe wamelala katika mabweni yake. Lakini wakati huohuo Oginga Odinga alikuwa akiwapeleka vijana Urusi na nchi nyingine za Mashariki, mara nyingi kupitia Cairo, na Zanzibar Ali Muhsin alikuwa ameshawafungulia wanafunzi njia ya Misri. Kijana wa 1960 alikuwa na milango zaidi ya mmoja, kila mlango una mwenyewe, na kila mwenyewe ana hesabu zake. Nia ya mwenye ndege haikumzuia abiria kuwa na nia yake. Kama Marekani ililenga kujipatia watiifu, Maathai, aliyepambana na serikali iliyokuwa kipenzi cha nchi za Magharibi mpaka akapigwa na askari, hakuwa faida nzuri kwao.

Pingamizi la mwisho ni la kwetu wenyewe, nalo ndilo linalonigusa zaidi: Pwani ilipata nini? Abiria wengi wa Kenya walitoka Mkoa wa Kati na Nyanza, na mtu wa Kinango au Msambweni ana haki ya kusema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Wengine huliona hilo kuwa upendeleo wa Mboya na wenzake. Upendeleo haukukosekana, maana orodha hutengenezwa na watu, na watu hujuana. Hata hivyo, ukichunguza unakuta mchujo mkubwa ulikuwa umefanyika miaka mingi kabla ya orodha. Aliyestahili kuomba alikuwa mwenye cheti cha Cambridge, na vyeti hivyo vilitoka zaidi katika shule kama Alliance, Maseno na Mang'u, zilizojengwa na wamishonari mahali walipokuwa na wafuasi wengi. Pwani, ambako wazazi Waislamu waliiogopa shule ya misheni kwa sababu zinazoeleweka, serikali ilikawia. Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1951, kilifundisha ufundi wa umeme, wa mitambo na wa baharini, kazi nzuri zote, lakini hakikumpa kijana karatasi ambayo msajili wa chuo cha Ohio angeitambua upesi. Ndege ilimchukua aliyekuwa ameshafika mlangoni. Kwa hiyo lawama ya Mkwale iende kwanza kwenye shule ya sekondari ambayo haikujengwa, kisha ndipo ifike kwa Mboya. Mpango wa ufadhili wa kaunti ya Kwale, Elimu ni Sasa, ulioanzishwa katika enzi ya Gavana Salim Mvurya, ulielekeza fedha zake kwa wanaoingia shule za kitaifa na vyuo, na hapo ndipo pengo lilipokuwa. Ukunda ina kiwanja chake cha ndege sasa, na kila siku ndege ndogo huwashusha watalii wa Diani. Mtoto wa Mackinnon Road anayezitazama zikipita juu hana tena shida ya kupata njia ya kwenda Marekani. Shida yake ni hesabu na sayansi za kidato cha pili, na mwalimu wa kumfundisha.